Mgeni wa Siku Mbili

Wahenga wetu walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mgeni aliye mzito wa kuaga, lakini ndani yake imo hekima nyingine ambayo mwanafunzi wa historia angefaidika kuitia akilini. Siku mbili za kwanza mgeni hukirimiwa. Hulishwa kilicho bora, hulazwa pahali pema, hutembezwa penye kupendeza. Siku ya tatu hushika jembe, na hapo ndipo mji humfunulia siri zake: hujua udongo wake ni mgumu ama laini, jirani yupi ni mwema na yupi mkorofi, na chakula alichokila jana kilipatikana kwa jasho la nani. Methali basi yatenga ujuzi wa namna mbili, ujuzi wa macho na ujuzi wa mikono, wala haisemi kuwa ule wa kwanza ni bure. Yasema tu kwamba una mpaka wake.

Mpaka huo watuhusu sisi watu wa pwani kuliko tunavyodhani. Miji ya mwambao, toka Mogadishu hata Sofala, ilikuwa na wasomi wake, lakini maandishi yao ya kale yaliyosalia ni machache. Tarehe ya Kilwa yenyewe, iliyotungwa katika karne ya 16, imetufikia kwa nakala ya karne ya 19 na kwa muhtasari wa Mreno João de Barros. Kwa hiyo mtu atakaye kujua Mombasa au Kilwa ilikuwaje miaka mia tano au mia saba iliyopita hulazimika kubisha hodi kwa wageni: watu walioshuka chomboni wakiwa na haraka, wakatazama huku na huku, kisha wakapanda chomboni tena. Historia yetu, kwa sehemu yake, imeandikwa na watu ambao hawakupewa jembe. Je, tuwaamini kwa kadiri gani? Jibu nitakalojaribu kulitetea hapa ni hili: mgeni wa haraka aaminiwe katika lile alilolikanyaga kwa mguu wake na kulishika kwa mkono wake, na atiliwe shaka kila atamkapo neno "yote".

Tuanze na mgeni mashuhuri kuliko wote. Ibn Batuta alizaliwa Tangier, katika nchi ya Moroko, mwaka 1304, akatoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, na safari ile ikamchukua duniani karibu miaka thelathini. Kwa hesabu ya wanazuoni wengi, alifika pwani yetu mwaka 1331. Alitoka Aden akapita Zeila, akafika Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa, na kutoka Kilwa akarudi kaskazini hata Dhofari. Mwendo huo wote uliamriwa na pepo. Kaskazi huvuma toka mwezi wa Desemba hata Machi, ikaleta majahazi kutoka Arabuni. Kusi huanza Aprili ikayarudisha. Msafiri aliyechelewa kuondoka alikuwa hatarini kukaa bandarini miezi mingi asiyoikusudia. Haraka yake basi haikutokana na wepesi wa tabia. Nahodha hangojei mtu, na nahodha mwenyewe hangojewi na upepo.

Mombasa alilala usiku mmoja tu. Hebu na tuone usiku mmoja umezaa nini. Asema kwamba wenyeji ni watu wa dini, wafuasi wa madhehebu ya Shafi, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Asema kwamba nafaka haioti kisiwani, huletwa kutoka bara la Waswahili. Kisha afika mlangoni pa msikiti, na hapo kalamu yake yawa kali kama jicho la mshona kofia. Misikiti, asema, ni ya miti, imejengwa madhubuti. Mlangoni pa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na maji huchotwa kwa kata ya mti yenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Ardhi iliyozunguka kisima na msikiti imesawazishwa vema. Mtu atakaye kuingia huosha miguu kwanza, na mlangoni pametandikwa jamvi nene la kujifutia, kwa kuwa watu huenda miguu mitupu.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja akisoma maneno haya hana haja ya kuelezwa. Kata aijua, birika mlangoni pa msikiti alijua, jamvi alijua. Usiku mmoja umetuhifadhia mlango mzima wa msikiti, na sababu yake yaonekana wazi: Ibn Batuta hakuwa akitazama mlango ule kama mtazamaji. Alikuwa akiingia kusali. Aliiosha miguu yake mwenyewe, akaifuta juu ya jamvi lile. Katika jambo hili alikuwa na shughuli, na kwa muda wa rakaa chache alikuwa mtu wa mji ule.

Lakini mtu huyu huyu, katika ukurasa ule ule, asema kwamba kisiwa cha Mombasa kimetengana na nchi ya Waswahili kwa mwendo wa siku mbili baharini. Kila mtu ajua kwamba kisiwa kile kimekumbatiwa na bara, na kivuko chake ni chembamba hata mtu wa ng'ambo aweza kuonekana. Pengine alichanganya umbali wa Mombasa na umbali wa bandari nyingine. Pengine aliambiwa jambo na mabaharia akalielewa vingine. Vyovyote iwavyo, hakulipima mwenyewe. Maji ya kisimani alikuwa ameyateka. Umbali wa bara alikuwa ameusikia.

Kilwa yatupa fumbo kubwa zaidi. Ibn Batuta aliusifu mji ule kuwa katika miji mizuri mno na iliyojengwa kwa ustadi, kisha akaongeza kwamba majengo yake yote ni ya miti na mapaa yake ni ya nyasi. Sultani wakati ule alikuwa Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Hiba, kwa ukarimu wake. Mgeni wetu asimulia kwamba siku ya Ijumaa alikuwapo Sultani alipotoka kusali, fakiri kutoka Yemen akamsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa, na Sultani akaingia ndani akazivua, akavaa nyingine, akampa. Habari hiyo ina harufu ya kweli, kwa kuwa ni tukio la mahali pamoja na saa moja, lililoonwa na mtu aliyesimama pale.

Basi tazama ugumu uliopo. Mwanzoni mwa karne hiyo ya 14, Msikiti Mkuu wa Kilwa ulikuwa umekwisha kusimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa tangu miaka mingi, na Sultani Hasan mwenyewe ndiye aliyeupanua. Kadhalika Husuni Kubwa, jumba la kifalme lililo juu ya jabali likiitazama bahari, lenye ua baada ya ua na birika la kuogea la pembe nane, ni kazi ya zama zake. Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa kwa miaka mingi kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, na katika Husuni Kubwa yalipatikana maandishi ya mawe yenye jina la Sultani huyo. Yawezekanaje mtu kusimama Ijumaa karibu na msikiti wa mawe, mbele ya mfalme mjenga majumba ya mawe, kisha akasema yote ni miti?

Wako waliosema kwamba Ibn Batuta hakufika Kilwa. Hukumu hiyo ni nzito kuliko ushahidi. Mimi naona njia nyepesi zaidi. Kwanza, hakuiandika safari yake njiani. Aliisimulia kwa mdomo huko Fez, na mwandishi Ibn Juzayy akaitia katika kitabu kilichomalizika mwaka 1355. Kati ya Ijumaa ile ya Kilwa na siku ile ya Fez palipita kama miaka ishirini na minne. Palipita India, Maldivi na China. Na vitu vyake viliporwa na maharamia pwani ya India. Pili, yamkini nyumba nyingi za raia zilikuwa kweli za miti na udongo na mapaa ya makuti, kama zilivyokuwa nyumba za watu wengi wa pwani hata zama za babu zetu. Jicho lake lilipokea wingi, na ulimi wake, baada ya miaka hiyo, ukaugeuza wingi kuwa ukamilifu. "Nyingi" ikawa "yote". Huo ndio mteremko ambao kila msafiri wa haraka huteleza, kwa kuwa aliyeona njia tatu za mji hupenda kuuhukumu mji mzima.

Juu ya hayo, kuna somo linalotupasa sisi kuliko yeye. Wasomaji wengi wa baadaye waliposikia "misikiti ya miti" walilidharau neno hilo, wakadhani ama mgeni amekosea ama mji ulikuwa duni. Wote walikuwa wameshika kanuni isiyosemwa kwamba ustaarabu wa pwani ni wa mawe, na mawe yaliletwa na wageni. Katika miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, na chini ya msikiti wa mawe akakuta alama za misikiti ya miti iliyotangulia, mmoja juu ya mwingine, wa kale kabisa ukiwa wa karne ya nane. Hivyo msikiti wa miti haukuwa dalili ya udhaifu. Ulikuwa desturi ya wenyeji wenyewe, iliyotangulia mawe, na mawe yakaja yakakalia msingi wake. Mgeni wa usiku mmoja alikuwa amesema kweli juu ya Mombasa, na ilitubidi kungoja zaidi ya miaka mia sita ili tumsikie.

Wageni wa pili walikuja kwa haraka ya namna nyingine, haraka ya hofu. Tarehe 7 Aprili 1498 merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa, nao Wareno, wakiogopa kuingia bandarini, wakatuma watu wawili kwenda kuutazama mji. Watu hao walipokewa, wakapitishwa milango ya jumba la mfalme, kisha wakapewa mtu wa kuwatembeza. Walionyeshwa nyumba ya wafanyi biashara wawili, ambao waliwatolea karatasi yenye picha waliyoiabudu. Wareno wale walirudi merikebuni wakasema: wafanyi biashara wale ni Wakristo, na picha ile ni ya Roho Mtakatifu.

Hapana shaka karatasi ilikuwako, na picha ilikuwako. Wenye nyumba yaelekea walikuwa Wahindi wa dini ya Kibaniani, na picha ilikuwa ya mungu wao. Lakini Wareno walikuwa wameagizwa na kutamani kuwakuta Wakristo katika bahari ya mashariki, na mtu aendaye mbio huokota kile alichokuja akikitafuta. Ibn Batuta alikosa kwa kukumbuka vibaya. Hawa walikosa kwa kutumaini mno. Macho yao yalifanya kazi njema hata pale picha ilipofunuliwa. Tangu hapo matumaini ndiyo yaliyotazama.

Huko Malindi mambo yakawa ya ajabu zaidi. Wareno walikaa siku tisa, wakafanyiwa ngoma na michezo, mfalme akaja chomboni kuonana nao, lakini Vasco da Gama mwenyewe alikataa kushuka pwani. Alisema kwamba bwana wake hakumpa ruhusa. Hivyo maelezo ya Malindi yaliyomo katika habari ya safari yao ni ya mji uonwao kutoka baharini: nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, madirisha mengi, minazi kwa upande wa bara, na mashamba ya nafaka na mboga pande zote. Mwandishi aliufananisha na Alcochete, mji mdogo ulio kando ya mto Tagus katika nchi yao. Maneno hayo ni machache, na ni ya kuaminika kwa sababu ni machache. Mwandishi hakudai kujua kilichokuwa nyuma ya madirisha yale.

Hata hapa nimesema juu ya wageni walioijia pwani yetu. Haki yataka tuigeuze mizani, tuwatazame watu wa Afrika ya Mashariki walipokuwa wao ndio wageni wa siku mbili katika miji ya wengine.

Sayyid Barghash bin Said alishika usultani wa Unguja mwaka 1870. Mwaka 1873 alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini na kulifunga soko lake. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 1875, akawa mgeni wa serikali ya Uingereza London. Aliandamana na John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja, na mkalimani wake alikuwa kasisi George Percy Badger, mjuzi wa Kiarabu. Alionana na Malkia Victoria katika ngome ya Windsor, akapelekwa Birmingham, Liverpool na Manchester kutazama viwanda na bandari, kisha akapitia Ufaransa katika kurudi. Mwandishi wake, Zahir bin Said, aliiandika safari hiyo kwa Kiarabu, na kitabu kikachapwa London. Jina lake, Tanzih al-absar wa-l-afkar, lina maana ya kuyatembeza macho na fikira. Nalo ni jina lifaalo, kwa kuwa ziara ilikuwa matembezi yaliyopangwa kutoka asubuhi hata usiku.

Mwenyeji hapangi ziara bila nia. Waliomtembeza Barghash walitaka ajue nguvu ya taifa lililomshika mkono akatia sahihi. Yumkini alizijua, hakuwa mtu wa kuhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini aliporudi kwake, matendo yake yaonyesha kwamba alikuwa akitazama pia kitu kingine. Maji ya chemchemi yalivutwa kwa mabomba hata mjini Unguja, watu wakateka bila malipo. Mtambo wa chapa ukasimamishwa. Mwaka 1883 likajengwa Beit al-Ajaib, jumba refu kuliko yote ya mji kwa wakati ule, ambalo baadaye liliwekwa umeme na ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020. Mwanahistoria mwangalifu hatayahesabu hayo yote kuwa matunda ya London, maana Barghash alikuwa amekwisha kukaa Bombay kwa muda wa kama miaka miwili, baada ya fitina ya mwaka 1859 dhidi ya nduguye Sayyid Majid, na Bombay yenyewe ilikuwa shule. Hata hivyo jambo moja ladhihirika: mgeni aongozwaye si lazima afungwe na nia ya amwongozaye. Barghash alikuwa na mji wake kichwani, mji wenye kiu ya maji safi, na mtu mwenye haja huona upesi.

Na lisiloonyeshwa je? Katika London ile ile, siku zile zile, alikuwako dada yake Barghash. Huyu ni Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akabatizwa kwa jina la Emily Ruete, na wakati huo alikuwa mjane mwenye watoto. Alipopata habari kwamba kaka yake yuaja Uingereza, alisafiri mpaka London akitumaini kupatana naye. Katika kumbukumbu zake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, asimulia kwamba Sir Bartle Frere alimjia akamshawishi asimkaribie Sultani, akaahidiwa kwamba watoto wake wataangaliwa katika elimu yao. Na ahadi hiyo, asema, haikutimizwa. Wala hatuwezi kudai kwamba Barghash angalimkumbatia. Alipokuja Unguja mwaka 1885 pamoja na manowari za Wajerumani, hakumpokea. Lakini uamuzi wa mwaka 1875 haukuachwa mikononi mwa ndugu hao wawili. Waliokuwa wakiwakirimu walimwonyesha Sultani viwanda vya miji mitatu, wasimwonyeshe mtu mmoja wa damu yake aliyekuwa katika mji ule ule. Hilo ndilo kosa kubwa la matembezi ya kuongozwa. Alionyeshwacho mgeni chaweza kuwa kweli tupu, na bado kweli iliyofichwa ikawa kubwa kuliko iliyofunuliwa.

Mwaka 1902 Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, alikwenda London kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, akifuatana na katibu wake Ham Mukasa na mmishonari Ernest Millar. Sherehe iliwekwa tarehe 26 Juni. Siku mbili kabla yake mfalme alipasuliwa kwa maradhi ya tumbo, na sherehe ikaahirishwa hata tarehe 9 Agosti. Waganda wale, waliokuja kwa shughuli ya siku moja, wakapata majuma kadhaa ya ziada. Ugonjwa wa mfalme ukawa nafasi ya wageni. Ham Mukasa aliandika kila siku yale yaliyompata, na kitabu chake, alichokitunga kwa Kiganda, kikafasiriwa na Millar kwa Kiingereza mwaka 1904. Hapa twaona tofauti yake na Ibn Batuta: mmoja alisimulia baada ya miaka ishirini na minne, mwingine aliandika kabla ya kulala. Anayesoma vitabu vya safari na aulize daima wino ulikauka lini.

Mfano wangu wa mwisho umeandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 1931 kamati ya Baraza la Uingereza ilikuwa ikichunguza kama yafaa Kenya, Uganda na Tanganyika kuunganishwa chini ya utawala mmoja. Kutoka Tanganyika walipelekwa mashahidi watatu Waafrika: Martin Kayamba, Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba. Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, na mtumishi wa serikali aliyeanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, aliiandika safari hiyo katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1932, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza.

Lipime jina hilo. Kuona, kisha kufanya. Kayamba na wenzake walitembezwa kama wageni wote, lakini siku moja walikalishwa mbele ya wakuu wa Uingereza wakaulizwa juu ya nchi yao, nao wakajibu kwamba Waafrika wa Tanganyika hawautaki muungano ule. Muungano haukufanywa, sababu zake zilikuwa nyingi, na sauti yao ilikuwa moja katika hizo. Kwa lugha ya wahenga, hawa walipewa jembe. Muda wao London ulikuwa mfupi, lakini ulikuwa na kazi ndani yake, na kazi ile ilikuwa na watu nyumbani wanaoingojea. Tena aliporudi, Kayamba aliwaandikia watu wa kwao kwa lugha yao, ambao wangeweza kumwuliza na kumkosoa. Ibn Batuta alipoyasimulia mambo ya Kilwa huko Fez, hapakuwa na mtu wa Kilwa barazani wa kumwambia: la, bwana, msikiti wetu ni wa mawe.

Hapo ndipo palipo na kiini cha jambo. Kosa la mgeni wa haraka huwa dogo kama mwenyeji yupo wa kumsahihisha, na huwa kubwa kama mwenyeji amenyamaza. Kwa karne nyingi sauti ya mgeni ilisikika peke yake, na wako waliojenga juu yake nadharia nzima kwamba miji hii ilikuwa ya watu wa ng'ambo waliokaa ukingoni mwa Afrika bila kuwa wa Afrika. Mgeni wa haraka hakuyasema hayo. Yalisemwa na waliomsoma kwa haraka kuliko alivyosafiri. Wale nao walikuwa wageni wa siku mbili, ila katika vitabu.

Siku hizi haraka imezidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, mji wa Lamu mwaka 2001, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Meli kubwa hutia nanga asubuhi, abiria wakashuka, wakapitishwa sokoni, ngomeni na mbele ya milango ya nakshi, na jua lichwapo wamekwisha kwenda zao. Hawana hata ule usiku mmoja wa Ibn Batuta. Kuwacheka ni rahisi, wala hakuna faida. Sisi wenyewe tukienda Cairo, Istanbul au London kwa siku tatu tu, hutembea vivyo hivyo, mguu mmoja njiani na jicho moja kwenye saa. Lililo bora ni kukumbuka kwamba wageni hao wataandika na watasimulia, na maneno yao yatadumu mahali ambapo sisi hatupo.

Basi wajibu umegawanyika. Mgeni na aeleze kwa uaminifu alichokishika, aseme "niliona" badala ya "wao wote", na amtaje aliyemwongoza. Mwanahistoria naye, ashikapo kitabu cha safari, na aulize maswali matatu: mgeni huyu alikuwa na shughuli gani mjini, nani alimtembeza, na aliandika lini. Lakini wajibu mkubwa ni wa mwenyeji. Kijana anayewatembeza wageni vichochoroni mwa Mji Mkongwe kwa saa mbili ni mwalimu wa historia, apende asipende. Akisema uongo wa kuchekesha kwa sababu wageni waufurahia, uongo huo utavuka bahari na siku moja utarudi kwetu umevaa jalada la kitabu, nasi tutaufundisha watoto wetu. Mzee anayejua kisima cha mtaa wake kilichimbwa na nani, na msikiti wa mtaa wake ulikuwa wa miti mpaka lini, anayo karatasi ambayo hakuna mgeni atakayemwandikia.

Jamvi lile la Mombasa limeokoka kwa sababu mtu mmoja alilikanyaga akakumbuka. Ni mangapi ambayo mamia ya wenyeji waliyakanyaga kila siku, na hakuna aliyeona haja ya kuyaandika, kwa kuwa yalikuwa ya kawaida! Mgeni huandika kwa sababu kila kitu ni kigeni kwake. Mwenyeji hunyamaza kwa sababu kila kitu ni chake. Anayetaka historia ya mji wake iwe kamili na ashike jembe lake kwa mkono mmoja, na kalamu kwa mkono wa pili.